Wanaotaka Benki Kuu yetu (BoT) iamriwe kushusha riba: tuulizane kwanza nani atalipa

Mnunuzi wa Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam kutoka Kigoma.

Pale Mwanga sokoni kuna hoja imeshika moto tangu watu waanze kufuatilia ugomvi wa Trump na bosi wa benki kuu yao. Hoja yenyewe ni hii: "Yule ndiyo rais. Anamwambia mtu shusha riba, akikataa anamtishia kazi. Sisi huku tunanyongwa na riba na hakuna anayegomba." Nimeisikia kwa bodaboda, kwa wauza vitenge, mpaka kwa mwalimu mmoja ninayemheshimu sana. Naipinga. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu, hatugombani.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu huyo bosi. Jerome Powell, aliyekuwa mwenyekiti wa Federal Reserve (wenyewe wanafupisha Fed) wakati wa ugomvi huo, hakuletwa na wapinzani. Trump mwenyewe ndiye aliyempendekeza mwaka 2017, Biden akaja kumwongezea muhula. Ugomvi ulianza 2018 Fed ilipokuwa inapandisha riba, na Trump aliporudi madarakani 2025 ukawa mkubwa zaidi. Akampa na jina la utani, "Bwana Umechelewa". Julai 2025 akaenda mwenyewe kukagua ukarabati wa majengo ya Fed, wote wawili wamevaa kofia ngumu za mafundi, kamera zimewazunguka. Trump akatoa karatasi mfukoni akasema gharama imefika dola bilioni 3.1. Powell akaisoma palepale, akatikisa kichwa, akamwambia umejumlisha jengo lililokwisha miaka mitano iliyopita.

Jengo hilo lina jina la William McChesney Martin, ambaye naye aliwahi kuwa mwenyekiti. Martin huyo, Desemba 1965, Fed ilipopandisha riba, Rais Johnson alimwita mpaka shambani kwake Texas kumgombeza. Riba haikurudishwa chini. Kwa hiyo mchezo huu ni wa zamani, kilichobadilika ni kwamba siku hizi unachezwa hadharani.

Agosti 2025 Trump akasema amemfukuza Lisa Cook, mmoja wa magavana wa Fed, kwa tuhuma za mkopo wa nyumba. Cook alikana, akaenda mahakamani. Sheria yao inasema gavana wa Fed haondolewi ila kwa sababu maalumu, na kutokubaliana na rais juu ya riba si sababu. Mahakama ya Juu ikaacha aendelee na kazi wakati shauri linasikilizwa. Riba ilishuka kweli kuanzia Septemba 2025, robo asilimia kwa mara moja, mpaka Desemba ikawa kati ya 3.50 na 3.75. Trump alitaka ishuke mbali zaidi na kwa haraka zaidi.

Kwa nini rais yeyote anataka riba ndogo? Kwa sababu utamu wake unaonekana mapema. Mikopo inakuwa rahisi, watu wanajenga, ajira zinapatikana, na serikali yenyewe inalipa kidogo kwenye madeni yake. Uchungu, yaani mfumuko wa bei, unakuja baada ya mwaka au miwili, mara nyingi uchaguzi umeshapita. Nixon alifanya hivyohivyo. Alimbana Arthur Burns, mwenyekiti wa Fed wa wakati huo, kuelekea uchaguzi wa 1972, na maongezi yao mengine yamo kwenye kanda alizokuwa anarekodi mwenyewe Ikulu. Nixon akashinda. Kufika mwisho wa 1974 bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka. Mambo ya mafuta ya Waarabu yalichangia sana, hilo sibishi, lakini pesa ilikuwa imeshalegezwa kabla. Aliyekuja kusafisha ni Paul Volcker, naye mwenyekiti wa Fed, akaisukuma riba mpaka karibu asilimia 20, na mwishoni mwa 1982 watu wasio na kazi Marekani walikuwa wamezidi asilimia 10. Hao waliopoteza kazi ndio waliolipia ule uchaguzi wa miaka kumi nyuma.

Anayetaka mfano wa amri yenyewe inavyofanya kazi, aitazame Uturuki. Rais Erdogan aliamini riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko wa bei, kinyume na wanavyofundisha wachumi karibu wote. Gavana wa kwanza akaondolewa 2019, wa pili 2020. Wa tatu, Naci Ağbal, alipandisha riba kutoka asilimia 17 hadi 19 mwezi Machi 2021, na siku mbili baadaye hana kazi. Aliyefuata akaelewa somo. Kati ya Septemba na Desemba 2021 riba ikashushwa kutoka 19 hadi 14, na lira iliyokuwa 8 na kitu kwa dola ikagusa 18 kabla ya Krismasi. Oktoba 2022 mfumuko wa bei, kwa takwimu za serikali yenyewe, ulipita asilimia 85. Baada ya uchaguzi wa 2023 wakaleta timu mpya, na Machi 2024 riba ilikuwa asilimia 50.

Sasa hapo ndipo swali langu lilipo. Nani alilipa? Mwenye kiwanda aliyekopa lira akanunua mashine, huyo alineemeka, deni lake liliyeyuka. Mwenye nyumba tatu hakuumia. Aliyelipa ni yule mama mwenye akiba yake ya noti ndani, mstaafu wa pensheni, mfanyakazi wa mshahara. Yaani watu ambao hata huo mkopo wa riba nafuu hawakuuona.

Turudi nyumbani. Benki Kuu yetu ilianza kutumia riba kama chombo chake kikuu Januari 2024 tu, kabla ya hapo ilikuwa inaangalia zaidi wingi wa fedha. Riba ya Benki Kuu ilianza asilimia 5.5, Aprili mwaka huohuo ikawa 6, ikakaa hapo mpaka Julai 2025 iliposhushwa kuwa 5.75. Kamati ya Sera ya Fedha inakutana kila robo mwaka. Na riba hiyo si ya mimi na wewe. Inaongoza bei ambayo mabenki yanakopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku saba. Mfumuko wetu wa bei umekuwa ukizunguka asilimia 3, lengo likiwa usizidi 5.

Wakati huohuo mkopo wa kawaida wa benki unazunguka asilimia 15 kwa mwaka. Kati ya 5.75 na 15 kuna pengo, na pengo hilo gavana haliondoi kwa kugonga meza. Imo mikopo chechefu, yaani isiyolipika, zimo gharama za kumfuata mkopaji mpaka Kalya au Kakonko, ipo dhamana isiyo na hati, na ipo serikali yenyewe inayokopa kwa hatifungani ambazo za miaka 20 na 25 zimewahi kulipa zaidi ya asilimia 15. Wewe ungekuwa meneja wa benki, ungemkopesha nani? Serikali ambayo haikimbii, au mimi mwenye dagaa kwenye vichanja nikiomba mvua isinyeshe?

Mwisho, msidhani ya Washington hayafiki Kibirizi. Fed ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri Machi 2022 mpaka 5.50 Julai 2023, dola zilikimbilia kwao. Kwetu ikawa adimu. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,330, mwaka 2024 ikapita 2,700. Nyavu, injini za boti, betri, taa za sola za kuvulia usiku, vyote vinatoka nje. Wavuvi waliopandishiwa bei ya nyavu wakatupandishia sisi dagaa, sisi tukawapandishia ninyi wa Dar.

Karibuni.

---

Kijana wa Gungu

Mkuu umeandika vizuri ila umetetea mabenki. Hiyo asilimia 15 unayosema wewe ni ya wenye ajira serikalini. Sisi wa mtaani tunakopa kausha damu. Laki tano unarudisha kwa wiki, ukichelewa siku moja wanakuja watatu na pikipiki kubeba friji. Sasa ukiniambia BoT isiingiliwe, isiingiliwe inafanya nini kwa ajili yangu? Bora rais aseme neno moja.

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Kijana, hapo umegusa penyewe. Kausha damu ni suala la usimamizi, si la sera ya fedha. Hizo ni kazi mbili tofauti ingawa zinafanyika kwenye jengo moja. Tangu ije Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, wakopeshaji hawa wanatakiwa wawe na leseni ya BoT, na riba yao imewekewa ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Rais, mbunge, mkuu wa mkoa, wote wapige kelele hapo mpaka wakauke koo. Anayebeba friji bila utaratibu ni wa polisi. Kudai sheria isimamiwe si kuingilia uhuru wa mtu. Kuingilia ni kumwambia gavana "Julai nataka iwe 3, utajua mwenyewe itakuwaje".

---

Nyamwezi Mstaafu

Habari zenu wanangu. Niko Tabora, nilikuwa karani wa chama cha msingi cha tumbaku miaka ya themanini. Ninyi mnabishana juu ya jambo ambalo sisi tumeliishi.

Wakati ule riba ilikuwa inapangwa. Ilikuwa chini ya mfumuko wa bei, na bei zilikuwa zinapanda kama asilimia 30 kwa mwaka. Kwenye karatasi mkopo ulikuwa rahisi ajabu. Lakini haukopi kwa sababu shamba lako zuri, unakopa kwa sababu barua imetoka juu. Mimi nilikuwa naandika daftari la madeni kwa mkono, kalamu ya bluu deni, nyekundu lililolipwa. Kurasa za nyekundu zilikuwa chache mno. Kila mtu alijua hazitalipwa na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuuliza. Na mkulima mwenyewe anakaa miezi ana stakabadhi mfukoni, hela ya tumbaku yake haijafika. Zikifika, zinanunua nusu ya alichokuwa amepanga. Huo ndio mkopo wa bei nafuu ninaoufahamu mimi.

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Ahsante sana kwa hili. Vijana wengi hawajui kwamba NBC (Benki ya Taifa ya Biashara) ya wakati ule, iliyoundwa 1967 baada ya mabenki kutaifishwa, ilibebeshwa madeni ya vyama vya ushirika na mashirika ya umma mpaka mgongo ukavunjika, na 1997 ikagawanywa, ndipo tukapata NMB. Sheria ya BoT ya 1995 ndiyo iliyosema waziwazi kwamba kazi ya kwanza ya Benki Kuu ni kutuliza bei. Haikuandikwa kwa sababu wazungu wametaka tu. Iliandikwa na watu waliotoka kwenye daftari lako.

---

Ujiji Kwetu

Nimepita tu. Riba ni haramu, iwe 5.75 iwe 0.1. Ninyi endeleeni kupima moto kwa vipimajoto.

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Sheikh wangu, nakuheshimu. Ila wewe ndiye uzi huu unakuhusu kuliko wote. Hukopi, hupokei riba, unauza mali yako unaweka shilingi zako. Bei zikipanda asilimia 30, shilingi zako zimekatwa na hakuna aliyekuuliza. Aliyekopa kwa riba ndiye kafaidika. Hilo nalo litazame kwa jicho la dini.

---

Ujiji Kwetu

Hapo umesema. Mimi naweka ng'ombe.

---

Mchumi Asiye na Ajira

Mleta uzi umeegemea upande mmoja mno. Nina mawili.

La kwanza: hao mabingwa huru nao wanakosea. Mwaka 2021 Fed walituambia mfumuko wa bei ni wa kupita. Januari 2022 ulikuwa umeshafika asilimia 7.5 na riba bado karibu sifuri. Juni 2022 ukafika 9.1. Hakuna rais aliyekuwa amewashika shati. Dunia nzima ililipia, na dola yako ya Kibirizi ndiyo hiyo.

La pili: gavana wetu anateuliwa na rais. Huo uhuru unaouimba uko wapi? Trump angalau anapiga kelele kila mtu anasikia, mahakama inaingia, magazeti yanaandika. Kwingine simu moja usiku inatosha na hakuna atakayejua.

---

Mnunuzi wa Kibirizi

La kwanza nakubali lote. Wamechelewa na wamechelewa vibaya. Lakini walipogundua walipandisha mara kumi na moja ndani ya mwaka na nusu, uchaguzi wa wabunge ukiwa katikati, na rais aliyekuwepo hakumfukuza mtu. Uturuki walipogundua hakuna aliyethubutu kupandisha riba mpaka bwana mkubwa amalize uchaguzi wake. Mimi simtafuti gavana asiyekosea. Namtaka anayeweza kujirekebisha bila kuomba ruhusa.

La pili ni kubwa kuliko uzi wenyewe. Gavana karibu kila mahali anateuliwa na mwanasiasa, Powell akiwemo. Jambo ni je, anaweza kumaliza muda wake akishasema hapana? Na sisi tuna historia yetu hapa. Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa BoT kuanzia 1966, akaja kuwa Waziri wa Fedha. Mwaka 1979 aliona tukubaliane na IMF, ikiwemo kushusha thamani ya shilingi, Mwalimu akakataa katakata. Mtei akajiuzulu. Sisemi nani alikuwa sahihi, watu wazima mpaka leo wanabishana. Nasema alikuwa waziri, na waziri asipokubaliana na bosi wake anaondoka, ndivyo ilivyo. Gavana ndiye hatakiwi kuwa kwenye hali hiyo.

---

Abiria wa Liemba

Mmesahau jirani wa kusini mwa Ziwa Tanganyika. Agosti 2020 Rais Lungu wa Zambia alimwondoa gavana Denny Kalyalya ghafla, sababu hazikuelezwa. Tito Mboweni, wakati huo Waziri wa Fedha wa Afrika Kusini na mwenyewe gavana mstaafu, akachachamaa mtandaoni mpaka rais wake akamkemea. Novemba mwaka huohuo Zambia ikashindwa kulipa deni la nje. Siwezi kusema gavana angekuwepo wangelipa, deni lilikuwa limeshawazidi. Ila waliokuwa wanafanya biashara na bandari yao ya Mpulungu wanaikumbuka kwacha ya wakati ule. Rais Hichilema alipoingia 2021, huyo Kalyalya akarudishwa ofisini.

---

Manyovu Mpakani

Zambia mbali. Sisi huku tunaangalia Burundi kila asubuhi. Kuna bei ya faranga ya benki na bei ya faranga ya mtaani, na zimeachana kama usiku na mchana. Juni 2023 walitangaza noti za 5,000 na 10,000 za zamani zinaondolewa, siku chache tu za kurudisha. Watu waliokuwa wamelipwa mahindi na mchele kwa faranga walikimbizana barabarani. Tangu hapo mimi faranga hailali kwangu. Ikiingia mchana, jioni imeshakuwa shilingi au bidhaa. Mtu akiniuliza imani kwa benki kuu ni nini, namwonyesha hiyo.

---

Mama Mawese

Jamani mimi sijasoma uchumi. Nauliza hivi, Kenya si waliweka sheria ya kubana riba? Kwa nini sisi tusiweke, badala ya kumgombeza gavana?

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Mama, swali zuri kuliko yote humu. Waliweka kweli, 2016. Benki isitoze zaidi ya asilimia nne juu ya riba ya benki kuu. Watu walishangilia. Mabenki yalifunga tu mlango kwa mfanyabiashara mdogo na kwenda kuikopesha serikali. Mtu wa kibanda aliyezoea kupata mkopo kwa riba kubwa akaukosa kabisa, akaishia kwenye mikopo ya simu yenye riba ya kutisha. Isitoshe, benki kuu yao ikajikuta imefungwa mikono, maana ikishusha riba yake mabenki yanazidi kukaza. Novemba 2019 wakaifuta.

---

Kijana wa Gungu

Sawa, mmenishinda kwa maneno. Sasa niambie kwa hesabu. Nataka milioni 3 ninunue dagaa kabla ziwa halijafungwa kwa uvuvi. BoT wakishusha tena robo asilimia mwezi ujao, nisubiri au nikope sasa?

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Usisubiri hiyo robo. Milioni 3, robo asilimia kwa mwaka, hata benki ikikushushia yote bila kubakiza kitu, ni shilingi 7,500. Kwa mwaka mzima.

Sasa piga ile ya pili, ya wakopeshaji wa mtaani. Asilimia 3.5 kwa mwezi, riba inapigwa kwenye kiasi chote ulichochukua hata kama umesharudisha nusu: 105,000 kila mwezi, miezi sita 630,000. Uliza riba inapigwa kwenye kiasi chote au kwenye salio. Hilo swali moja lina pesa nyingi kuliko mikutano minne ya Kamati. Waulize na kama wana leseni, wakuonyeshe, usiambiwe kwa mdomo.

Halafu angalia kalenda. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa Mei 15 mpaka Agosti 15. Marejesho hayakufungwa. Jirani yangu wa vichanja alichukua mkopo Aprili, akapata mwezi mmoja wa kufanya kazi na miezi mitatu ya kulipa bila dagaa. Kama unakopa, omba marejesho yaanze ziwa likishafunguliwa, na kama wakikataa, chukua milioni moja badala ya tatu.

---

Kijana wa Gungu

Salio ndiyo ipi sasa, ile wanayoandika kwenye karatasi ya nyuma?

---

Mnunuzi wa Kibirizi

Ndiyo, deni linalobaki baada ya marejesho. Piga picha hiyo karatasi uilete hapa, ficha jina na namba ya simu, tuisome wote kabla hujasaini.